Presha, Kugawanya, na Kikohozi Ninachokudai

Kwa Mama Zuhura,
Ng'ambo, Tabora.

Mama Zuhura, mke wangu wa tangu siku zile meno yetu yote yalikuwa kinywani,

Salamu hizi zipokee kwa mikono mikavu. Futa kwanza unga wa vitumbua, maana barua yako ya mwisho ilifika na mafuta mengi hata nusu ya matusi uliyonitukana sikuweza kuyasoma, nikabaki kuyakisia. Nimekisia mabaya zaidi, kwa hiyo hukupata hasara.

Watu wengine wakiandika barua husema, "Mimi huku ni mzima, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali." Mimi nageuza. Wewe najua u mzima. Dereva wa lori la karanga ameniambia alikuona Kanyenye unamgombeza muuza unga, na sauti yako ilimfikia akiwa ndani ya lori na injini inanguruma. Mtu wa namna hiyo si wa kuulizwa afya. Wasiwasi, mama, ni kwangu mimi, na ndiyo habari ya barua hii. Lakini nisikimbilie huko. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Unalipaka yale mafuta ya nyonyo niliyokuachia, au umeyatia kwenye bawaba za mlango? Zuhura na mumewe wamepatana, au bado wanasalimiana kupitia paka?

Sasa kaa chini. Mumeo amekuwa Mwenyekiti wa kijiji.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mwenyekiti. Nikipita, watu wananyanyuka. Nikikohoa, mkutano mzima unanyamaza.

Haya, rudi, rudi, vua hiyo kanga ya kutokea. Najua umeshafika mlangoni kwenda kumwambia jirani yetu Mama Saidi. Mimi si Mwenyekiti wa namna hiyo. Mwenyekiti ni Bwana Masanja, mkulima mmoja mrefu ambaye akicheka ng'ombe wanainua vichwa. Ila neno lenyewe ulisome polepole: mwenye kiti. Kijiji kizima, ukimtoa Masanja, mtu mwenye kiti cha kuegemea nilikuwa mimi peke yangu, nimekitengeneza kwa mbao za sanduku la majani ya chai. Kwa hiyo sikudanganya, nilifupisha tu. Na nikwambie ukweli wote, hata hicho kiti, ninapoandika hivi, sina. Kimechukuliwa na mwanamke. Usikasirike, nitafika huko.

Unakumbuka nilivyoondoka. Kijiji hiki kipya, mbele ya Urambo, kimewekwa juu ya njia ya zamani ya misafara, ile ile aliyopita babu yangu mara ngapi sijui, na meno ya tembo begani. Watu wamehamia kutoka huku na huku, wajenge pamoja na walime shamba moja la ujamaa. Walikuwa na taa mbili za karabai za mikutano, zote zimezima, wakatafuta fundi. Nikasema naenda wiki mbili. Wewe ukasema, mwiko uko mkononi, "Wewe? Wiki haitaisha utarudi unalilia kahawa." Basi karabai nilizitengeneza kwa siku mbili. Miezi saba iliyofuata nimekaa kwa ajili ya mwiko wako.

Siku ya tatu Masanja aliniona nasoma maandishi kwenye debe la mafuta ya taa. Akaniuliza, "Mzee Shabani, kumbe unasoma! Umesomea wapi?"

Nikajibu, "Tabora."

"Tabora! Ile shule kubwa walikotoka wakubwa?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema, "Mle mle. Mimi nimeingia mpaka mabwenini."

Na ni kweli, mama. Niliingia mpaka mabwenini miaka tisa mfululizo, na mfuko wangu wa spana, kutengeneza taa zao. Yeye hakuniuliza niliingia kufanya nini.

Alasiri ile ile nikawa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Darasa letu ni ghala la kijiji. Ubao niliupaka masizi ya karabai. Chaki tunatumia muhogo mkavu, na inabidi niihesabu kabla na baada ya somo kwa sababu wapo wanaoila. Wanafunzi wangu ni kumi na saba na mdogo wao ana wajukuu. Mkubwa wao kwa mdomo ni Bibi Kalunde, Mnyamwezi, muumini wa kanisa la Moraviani, umri kama wako, ulimi kama wako. Siku ya kwanza aliponisalimia "Mwangaluka, Mwalimu," huku akinitazama toka viatu mpaka kofia, nilidhani umenifuata umebadilisha sura.

Kusoma na kuandika hakukunishinda kuwafundisha. Kujumlisha, kutoa, hata kuzidisha mpaka tano, hayo ninayo. Lakini kugawanya, mama! Kugawanya sijawahi kukujua. Siku mwalimu wetu alipoandika ile alama ubaoni, mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Sikurudi. Ndipo shule yangu ilipoishia: darasa la tatu, dirishani. Mpaka leo alama ile naiogopa. Kistari kimelala kama kitanda, nukta moja juu ya kitanda, nukta nyingine uvunguni. Inanikumbusha siku baba yako aliporudi mapema kutoka msikitini. Wewe ulikuwa nukta ya juu.

Fikiria sasa, mwalimu wa kijiji cha ujamaa asiyejua kugawanya! Ujamaa wenyewe ni nini kama si kugawanya?

Nikawa nakwepa. Tunasoma, tunaandika, tunaimba mbili mara mbili nne, na kila baada ya siku chache Kalunde ananyoosha mkono.

"Mwalimu, kugawanya lini?"

"Bado hamjaiva."

"Tumeiva, Mwalimu. Tukizidi hapo tutaoza."

Nilikuwa nacheka, nafuta ubao, nawapa kuzidisha nyingine. Mwezi wa kwanza nikacheka. Wa pili nikacheka kidogo. Wa tatu Masanja akaingia darasani akatangaza kwa furaha kwamba mavuno ya karanga yakiisha Bwana Elimu wa wilaya atakuja kulipima darasa. Kila mwanafunzi atasimama mbele ya kijiji. Na mwalimu mwenyewe atatangulia, afanye ubaoni hesabu moja ya kujumlisha, moja ya kutoa, moja ya kuzidisha na moja ya kugawanya, watu waone. Halafu akanipiga bega, akasema, "Waonyeshe Utabora, Mzee!"

Tangu pale, mke wangu, nikawa si mimi. Chakula kikawa hakipiti. Shingo ikakaza kama nimelala juu ya reli. Moyo ukawa unapiga mbio nimekaa tu, sijainua hata kijiko. Spana naishika huku naitafuta. Nikajaza maji kwenye karabai badala ya mafuta ya taa, mimi, fundi wa miaka thelathini! Na hasira, usiseme. Nilimfokea mbuzi wa Masanja kwa nusu saa, mpaka mwenye mbuzi akaja kumwombea radhi.

Nikaenda zahanati. Dresa wetu, mtabibu wa hapo, anaitwa Maganga, kwa hiyo ni mganga Maganga, na ukimtania juu ya hilo anakwambia wewe ni mtu wa elfu moja kumtania hivyo. Akanifunga mkononi kitambaa chenye mpira ndani, akashika kipira kidogo akaanza kukibinya, fu, fu, fu. Nikaangalia kwa jicho la kazi. Pampu! Na saa yake ya kupimia hii hapa, mshale unatikisika. Nikajua nimefika kwa mwenzangu.

Akasema, "Mzee, presha yako imepanda."

"Presha?"

"Presha. Iko juu sana."

Mama, neno hilo nimekula nalo, nimelala nalo. Taa ya presha, jiko la presha. Presha ni upepo uliosongwa mahali padogo. Ukipiga pampu kupita kiasi, utambi unachanika na kioo kinaweza kukurukia usoni. Dawa yake kila fundi anaijua: unalegeza ile skrubu ndogo, upepo unatoka sss, taa inapoa. Nikamuuliza Maganga kwa heshima, fundi kwa fundi, "Sasa skrubu ya kutolea iko wapi?"

Akadhani nafanya utani. Akacheka, akasema nipunguze chumvi, nipunguze kahawa, nisiwe na mawazo, nirudi baada ya wiki. Nisiwe na mawazo! Mtu unamwambia asiwe na pua?

Nikaona huyu ni kijana, skrubu haijui, nitaitafuta mwenyewe. Mwili wa binadamu una milango miwili ya upepo, na wa juu ndio wenye heshima, nikaanza na huo. Kila asubuhi kikombe cha maji na magadi, kisha nakaa mlangoni nacheua mpaka kuku wanahama. Nikaacha maharage, nikaacha viazi vitamu, kila chakula kinachopiga pampu nikakikataa. Nikafungua vifungo vya shati, nikalegeza mkanda, natembea kijijini nimeshika suruali kwa mkono kama mtu aliyekimbia moto. Watu wakiniuliza nasema, "Natoa presha."

Mlango wa chini sikuugusa, kwa adabu. Lakini magadi hayana adabu. Alasiri moja wanafunzi wameinama, wanaandika, ghala limenyamaza kimya, nami nimesimama mbele nimeshika muhogo wangu. Mlango ukajifungulia wenyewe, mama, na ulilia kama lori linapanda kilima. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kalunde hakuinua hata kichwa. Akasema tu, "Andikeni, jamani, Mwalimu anasoma imla."

Wiki ilipoisha nikarudi kwa Maganga. Akabinya kipira, akatazama mshale, akatazama uso wangu. "Mzee, imepanda zaidi. Umefanya nini?" Nikamweleza: magadi, vifungo, mkanda, milango. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akajifuta macho akasema, "Mzee Shabani, humo ndani si upepo. Ni damu. Na pampu ni moyo wako."

"Anayeipiga nani?"

"Hapo ndipo penyewe. Anayeipiga nani?"

Akaendelea, "Ukikutana na chui njiani, mwili wako unafanyaje?"

"Moyo unakwenda mbio, mikono inakuwa baridi, tumbo linakaza, halafu napanda mti hata kama hakuna mti."

"Vizuri, na ndivyo unavyotakiwa. Chui akienda zake, mwili unatulia, unarudi kula ugali wako. Sasa wewe una dalili zote za chui, na nje sioni chui. Tatizo la mwili ni kwamba chui wa kichwani naye unamkimbia vile vile, ila yule wa kichwani haendi zake. Yupo asubuhi, yupo mchana, yupo kwenye mchuzi. Pampu haipumziki. Huyo chui wako ni nani?"

Nikamwambia sina chui. Akasubiri. Dresa wengine wangenipa vidonge vyeupe nikaondoka, lakini yule kijana ana ubaya wake, anajua kusubiri. Mwishowe nikasema, "Chui wangu ana nukta mbili. Moja juu ya kitanda, moja uvunguni." Nikamweleza yote, mpaka dirisha.

Nilipomaliza nikasikia kitu cha ajabu. Mabega yangu yalishuka. Sikujua kama yalikuwa juu! Miezi mitatu nimeyavaa masikioni kama kofia.

Nikamkumbuka babu. Alikuwa akituhadithia kwamba kwenye msafara, kiongozi akipiga ngoma, wapagazi wote hutua mizigo, aliyechoka na asiyechoka. Haulizwi mtu kama amechoka, kwa sababu ukimuuliza mwanamume atasema hajachoka. Kulikuwa na mmoja, babu akisema jina lake alikuwa anatema mate kwanza, alijisifu atafika Ugogo bila kutua. Wenzake wakitua, yeye anasimama na mzigo begani, anawacheka. Siku ya nne alianguka na jino la tembo likamvunja mguu, na wale wale aliowacheka ndio waliombeba. Nikasema moyoni, Shabani, hadithi hii umeicheka miaka sitini, kumbe ulikuwa unapewa picha yako.

Nikadhani tumemaliza, nikanyanyuka. Maganga akasema, "Kaa kidogo, Mzee. Majina sikwambii. Mwezi huu nimewapokea watu sita wa darasa lako. Mmoja kichwa, mwingine moyo, mwingine usingizi hauji. Nikiwauliza chui wao, wote wana mmoja. Wanasema, 'Mwalimu anasema hatujaiva.'"

Hapo, mke wangu, nilikosa utani. Wewe unanijua, utani haujawahi kunikauka hata siku nilipoangukiwa na paa. Nilikaa kwenye lile benchi nikatazama mikono yangu. Presha yangu niliipata kwa mdomo wangu, sawa. Lakini wale wazee wanatoka shamba na majembe, mgongo unauma, wanakuja kukaa juu ya magunia wajifunze, na mimi nimewapa chui wangu wamlee.

Kesho yake alasiri niliingia darasani, sikushika muhogo. Nikasema, "Jamani, kugawanya sijui."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Hajui au hataki?"

"Sijui. Sijawahi kujua. Tabora nilikuwa natengeneza taa. Mmeiva siku nyingi. Asiyeiva ni mimi."

Kalunde akasimama. Nilitegemea acheke, mama, nilikuwa nimeshaandaa jibu la kicheko chake. Hakucheka. Akasema, "Miezi mitatu, Mwalimu. Miezi mitatu nakoroga uji huku najiuliza kichwa changu kimeumbwa na nini. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia aniombee akili. Mchungaji amefunga siku mbili kwa ajili ya akili zangu! Kumbe wa kufungiwa ni wewe?"

Hapo ndipo ghala lilipopasuka kwa kicheko. Na yeye mwisho akacheka, lakini aliponyoosha kidole hakuwa anatania. "Ondoka kwenye kiti."

"Bibi Kalunde..."

"Ondoka. Mwenye kujua akae hapo, asiyejua akae kwenye gunia."

"Kwani wewe kugawanya unajua?"

"Nina wajukuu tisa na sufuria moja. Unadhani kila siku ninafanya nini?"

Akakaa. Na mpaka leo hajanyanyuka. Ndiyo sababu nakwambia kwamba mwenye kiti wa kijiji hiki, ukimtoa Masanja, ni Kalunde.

Akaagiza karanga ishirini. Akatuita watu sita mbele, mimi nikiwa mmoja wao, akatupitishia moja moja, zamu kwa zamu, mpaka kila mtu akawa na tatu na mkononi mwake zikabaki mbili. Tukamwangalia. Zile mbili akazitia mdomoni akatafuna. "Baki ni ya mgawaji," akasema, "jasho lake." Mama, kitu nilichokimbia dirishani ndicho hicho tu! Kupitisha karanga! Nilitaka kulia na nilitaka kumtafuta yule mwalimu wangu nimtukane, lakini atakuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu na chaki yake.

Siku mbili baadaye Maganga alikuja kutuonyesha namna ya kuandika ubaoni kile alichokifanya Kalunde kwa mkono. Tunaendelea. Tatizo letu sasa ni moja: ukiliuliza darasa, "Ishirini kugawanya kwa sita?" wanajibu wote kwa sauti, "Tatu!" Ukiuliza, "Baki je?" wanajibu, "Zimeliwa!" Sijui Bwana Elimu atalipokeaje.

Na presha? Imeshuka. Haijafika chini, lakini Maganga akiangalia mshale hakunji tena uso. Nimepunguza chumvi. Kahawa nakunywa kikombe kimoja kwa siku, mimi, mteja wa kwanza na wa mwisho wa kijiwe cha Ng'ambo! Kila asubuhi natembea kwenye njia ya babu mpaka kwenye mawe walikokuwa wanapika wapagazi, narudi. Moyo ukianza mbio zake, navuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kama ninavyolegeza skrubu ya karabai ili moto usizimike ghafla. Kwa hiyo skrubu ipo, Maganga alinicheka bure. Iko puani.

Na darasani tuna ngoma yetu. Kabla ya somo napiga debe mara tatu, kila mtu anatua mzigo wake kwa sentensi moja, na ni marufuku mtu kutoa ushauri. Mmoja atasema mvua, mwingine jino, mwingine mwanawe aliyeko migodini haandiki. Mzee wa nyuma kila siku anasema, "Mke wangu," na mke wake, aliyekaa gunia lile lile, anasema, "Huyu." Kisha tunasoma. Mimi siku ya kwanza nilisema, "Bwana Elimu." Siku ya pili nilisema, "Mwiko wa Mama Zuhura." Wakataka maelezo, nikawakumbusha sheria.

Jambo jingine nimelielewa huku, nalo nalisema haraka kabla sijaona haya. Mwaka ule kazi ilipokauka, nikawa nakugombeza kila siku kwa chumvi ya mchuzi. Haikuwa chumvi. Mchuzi wako ulikuwa sawa. Nisamehe, na usiisome sehemu hii kwa sauti mbele ya watu.

Nisalimie Zuhura binti yetu, mwambie babake hajafa wala hajaoa. Nisalimie mkwe wetu, amwache paka apumzike. Nisalimie shemeji Hamisi kijiweni, asimkalishe mtu mahali pangu pa kunywea kahawa. Nisalimie dada yangu mkubwa wa Isikizya akija mjini, mpe shikamoo yangu na umfiche habari ya kiti. Mchinjaji jirani yetu msalimie pia, kwa sababu yeye anahusika na neno langu la mwisho.

Mama Zuhura, unakumbuka maulidi ya nyumbani kwa Mama Saidi, mwaka ule Zuhura ananyonya? Ulipangiwa kusoma mbele ya wanawake wote wa Ng'ambo. Mwezi mzima ulijisomea jikoni, mimi niko uani na taa zangu, mpaka na mimi nikahifadhi. Siku yenyewe ukasimama nyuma ya pazia, ukaanza vizuri, kisha ukakwama. Upande wa wanaume kila mtu akatazama chini. Nilikuwa nasikia pumzi zako kupitia lile pazia. Sikujua jina lake wakati ule, leo nalijua, ile ilikuwa presha. Nikakohoa. Ukaendelea. Ukakwama tena, nikakohoa tena. Mara ya tatu nilikohoa mpaka machozi, na ukasoma mpaka mwisho, wanawake wakapiga vigelegele. Na mchinjaji, kwa wema wake, asubuhi yake akanibeba kwa baiskeli mpaka hospitali, akiamini nina kifua. Sikuweza kusema ukweli bila kukuaibisha. Nikapigwa sindano, na si begani. Uliniambia siku ile, umeinamisha uso, "Baba Zuhura, kikohozi hiki nitakulipa." Hujanilipa.

Kikohozi changu hakikukupa neno hata moja. Maneno yote ulikuwa nayo, moyo tu ndio ulikuwa umeyakalia. Basi njoo. Lori la karanga hutoka Tabora kila Alhamisi, dereva nimeshasema naye, atakukalisha mbele. Beba kigoda chako, maana kiti, kama nilivyokwambia, hakipo. Siku ya Bwana Elimu ukae kule nyuma juu ya magunia, na mimi nikifika kwenye zile nukta mbili mkono ukasimama, ukohoe. Usijali kama kugawanya na wewe hujui. Jibu nitakuwa nalo. Ukohoe tu, nisikie uko upande gani wa ghala.

Ni kikohozi kimoja ninachokudai, mama. Na mimi sindano nilipigwa mbili.

Mumeo wa uvunguni,
Fundi Shabani